Darubini ya Bwana Usiguse

Mama Vifungo aliolewa na mwanamume mwema mwenye ugonjwa mmoja: kitu akishakiweka sawa, hataki kiguswe tena mpaka kiama. Alikuwa fundi cherehani mwenye duka la chumba kimoja na ua nyuma yake, na humo dukani kila alichokirekebisha alikifunga kipande cha kitambaa chekundu, mafundo mawili. Skrubu ya kukazia uzi ilikuwa na kitambaa. Kitufe cha joto kwenye pasi kilikuwa na kitambaa. Redio ilifungwa kwenye stesheni moja tangu binti yao hajaolewa, na siku hizi stesheni yenyewe haikuwa na kazi ila kutangaza dawa ya meno, lakini nani angethubutu kuizungusha? "Usiguse," fundi angesema bila kuinua kichwa, "nimeshaiweka sawa." Mtaa ukamwita Bwana Usiguse. Hakuudhika, alidhani wanamsifu.

Mkewe alipata jina lake kwa jasho. Mume alikaa kwenye cherehani, mke akakaa ng'ambo ya meza ileile na sindano ya mkono, akishona vifungo, matundu ya vifungo, na pindo za nguo ambazo wenyewe hawakutaka zipite kwenye mashine. Suti ya mtu ingechakaa magoti na viwiko hadi ikatupwa, lakini matundu ya Mama Vifungo yangetupwa yakiwa mazima. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mumewe alisema kwa niaba ya wote wawili, naye akaona ni sawa, maana mdomo wenye pini hauwezi kubishana.

Fundi alikuwa na macho ya aina yake. Ukisimama mlangoni naye hana miwani, hakujui wewe ni mteja au ni mlango. Lakini mletee kitambaa karibu, avue miwani aitie mfuko wa shati, ainamishe pua hadi iguse uzi, hapo ataona kasoro ambayo hata aliyefuma hakuiona. Kwa hiyo kichwani mwake aliamini kwamba miwani ni ya kutembelea tu, na kazi ya kuona hasa hufanywa bila miwani. Hakuna aliyewahi kumkosoa katika hilo. Nani ambishie fundi?

Siku moja alikwenda kwenye mitumba kutafuta zipu, akarudi na boksi refu lililopasuka pembeni. Juu ya boksi palikuwa na picha ya nyota za rangi zote, nyingine za zambarau, ambazo mpaka leo hazijaonekana na mtu yeyote. Ndani mlikuwa na darubini ndogo, bomba jeupe lenye urefu wa mkono, kioo cha mbele kipana kama mdomo wa kikombe cha kahawa, vioo viwili vya kuwekea jicho, na miguu mitatu myembamba iliyotetemeka mtu akikohoa. Mama Vifungo aliuliza zipu ziko wapi. Fundi akasema zipu zitakuja.

Hakuna asiyejua jinsi mtu mzima anavyokuwa akipata kitu alichokitamani utotoni. Duka likifungwa, kabla ya chakula cha jioni, anga likiwa bado na ubuluu pembeni, fundi alibeba darubini yake hadi uani, akaisimamisha kati ya tangi la maji na kamba ya nguo. Miguu ilipotetemeka, alining'iniza pasi ya zamani ya mkaa chini yake, ikatulia. Majirani walitania kwamba macho hayana pazia na kwamba ataanza kuchungulia madirisha ya watu. Lakini baada ya siku mbili tatu waliona bomba linaangalia juu tu, wakamwacha. Vijana wa gereji ya jirani walikuja kutazama wakiwa na mikono ya oili, wakaambiwa waifiche mgongoni.

Na kweli palikuwa na mambo. Mwezi mchanga, ambao kwa macho ni ukucha tu, ndani ya bomba ulikuwa nchi nzima yenye mashimo na milima, na pale mwanga unapokutana na giza vilele vya milima vilishika jua peke yake huku mabonde hayajaamka. Sayari ya Mshtarii haikuwa nukta tena. Ilikuwa duara dogo lenye michirizi hafifu, na pembeni yake miezi minne imejipanga kama vifungo kwenye mkono wa koti, na kesho yake vifungo vimehama. Zohali ilikuwa ndogo kuliko punje ya mtama, lakini pete yake ilikuwepo, na siku fundi alipoiona kwa mara ya kwanza alikaa chini juu ya kreti akavuta pumzi kama aliyekuwa akikimbia. Alifurahi, na furaha ya mtu kama yule haifichiki. Aliingia jikoni akinukia umande na vumbi la chaki. "Mama, njoo uone," alisema. "Acha hicho, njoo."

Mjukuu wao, msichana wa shule ya msingi aliyekaa nao, ndiye aliyeharibu mambo bila kujua. Jioni moja alikizungusha kile kigurudumu cha pembeni kinachosogeza kioo cha jicho mbele na nyuma, mwezi ukayeyuka. Babu yake alihangaika hadi chakula kikapoa ndipo akaurudisha. Kesho yake kigurudumu kilikuwa kimefungwa kitambaa chekundu, mafundo mawili. "Usiguse," akasema. "Nimeshaiweka sawa."

Jioni hiyohiyo ndipo Mama Vifungo alipoitika wito akaenda kuangalia. Alifuta mikono, akainama, akaweka jicho. Aliona povu. Si mwezi, si mlima, ila weupe umetanda kama sabuni kwenye karai. Akafumba jicho, akalifumbua. Povu. Nyuma yake mjukuu alikuwa anarukaruka akieleza shimo kubwa lenye kilima katikati, kwa hiyo mtoto ameona. Vijana wa gereji wameona. Mume wake, kipofu wa mlangoni, ameona.

"Unaona?" fundi akauliza.

"Naona," Mama Vifungo akasema. "Nzuri."

Usiku ule hakula sawasawa. Sababu yake ilikuwa mama yake mzazi, ambaye naye alikuwa mtu wa sindano. Ilianza sindano ilipokataa uzi. Mama akalaumu uzi, akalaumu sindano, akalaumu mawingu. Kisha akaanza kuona ukungu, akalaumu moshi wa jikoni. Mwisho alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono mapajani, akiuliza kila aliyeingia, "Nani huyo?" Hakuna kilichomuuma mwanawe kama ile mikono mapajani. Mikono iliyokuwa haijui kupumzika, imewekwa pale kama glavu.

Na Mama Vifungo alikuwa na siri. Mwaka ule sindano zilikuwa zimeanza kumkataa. Kila asubuhi mjukuu kabla ya kwenda shule alimtungia uzi kwenye sindano kadhaa, akachomeka zote kwenye mto wa pini, na bibi akasema ni kwa faida ya mtoto, ajifunze kazi ya mikono. Sasa bomba nalo limesema lake. Uzi, kisha ukungu. Alijumlisha mwenyewe, akapata jibu lilelile la mama yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye methali hiyo aliijua, hata wengine aliwahi kuwaambia. Lakini methali ni rahisi ikiwa ya mwenzio. Alijua kitakachotokea akisema. Mume wake angemhurumia, na huruma yake ingekuwa ya vitendo. Kesho yake angemwondolea sindano mkononi kwa upole kabisa, amtafutie kiti kizuri, amweke karibu na mlango apate hewa. Akanyamaza.

Akaanza kujizoeza. Fundi akitoka kwenda kununua bitana za makoti, alifumba macho akashona tundu la kifungo kwa vidole peke yake, akihesabu nyuzi kwa ukucha wa kidole gumba. La kwanza lilitoka zuri hadi akatabasamu. La pili lilikwenda upande kama mlevi, akalifumua haraka kabla mume hajarudi. Akaanza pia kuangalia vitu kwa muda mrefu. Alimwangalia mjukuu akila, jinsi anavyotoa ulimi kidogo anapofikiri. Alimwangalia mume wake akiwa ameinama kwenye mashine, ile mvi iliyoanzia sikio la kushoto ikakataa kwenda kulia, kovu la kidole alilolipata siku alipoishona nguo pamoja na mkono. Alikuwa anaweka akiba. Fundi aliinua kichwa siku moja akakuta anaangaliwa, akajipapasa shati akidhani amekosea vifungo.

Na kila jioni aliitwa. "Mama, njoo uone." Kila jioni alikwenda. Alijifunza kumuuliza mjukuu kwanza, akitoka tu kwenye bomba, kwa njia ya kupima akili ya mtoto, eti leo umeona nini, kwa hiyo alipoitwa alikuwa na la kusema. Alisema, "Vifungo leo viko vitatu upande mmoja." Alisema, "Loo, kumbe ina kivuli." Mume wake alifurahi mno. Alipomaliza kusema uongo wake Mama Vifungo alikaa kwenye kreti, akaliangalia anga kwa macho matupu, na hilo kwa kweli alilipenda. Kilimia alikiona vizuri, nyota zake zimebanana kama vifaranga. Alijiambia kwamba macho yake yanaona vikubwa na kushindwa vidogo, kama ya mama yake mwanzoni, na kwamba aviangalie hivyo vikubwa maadamu vipo.

Ndipo akaja wifi.

Wifi yake alikuwa dada mkubwa wa fundi, mpishi wa shule moja kubwa, mwanamke aliyezoea masufuria yanayopita kiuno chake na wanafunzi mia wenye njaa. Alimbeba fundi mgongoni alipokuwa mchanga, na hajaacha kumkumbusha. Alikuja kukaa siku mbili, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani kwa kamba ya viatu. Jioni ya kwanza mwezi ulikuwa umefika karibu nusu, anga safi. Fundi hakumpa hata nafasi ya kumaliza chai.

Wifi aliinama kwenye bomba. Akajaribu jicho moja, akajaribu jingine. Kisha akasema anaona povu.

Fundi akamwambia atulie, asipumue juu ya kioo. Wifi akasema ametulia, na hajapumua, na ni povu. Fundi akasema kwa heshima zote kwamba dada, labda ni macho, umri nao. Wifi akainuka taratibu. Akamweleza mdogo wake kwamba macho haya yanamwona mwizi wa sukari kutoka jikoni hadi getini, na yanajua ni darasa la ngapi. Mjukuu akaangalia, akasema yeye anaona vizuri tu. Fundi akanyoosha mikono kama wakili aliyeshinda kesi.

"Basi tumuulize mwenye nyumba," wifi akasema. "Wifi, wewe humu unaona nini?"

Mama Vifungo alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia vyombo. Angeweza kusema naona, nzuri, kama jioni zote, na wifi angekwenda zake akijulikana kuwa na macho mabovu, yaishe. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alimwona wifi yake amesimama peke yake pale, ameambiwa ni uzee mbele ya mtoto, na uso wake mkubwa ukiwa na wasiwasi kidogo uliokuwa unaanza kuingia. Wasiwasi ule Mama Vifungo aliujua njia zake zote. Hakuweza kumwachia mwenzake.

"Povu," akasema. "Tangu siku ya kwanza naona povu."

Kreti lililia fundi alipolikalia. Wifi aligeukia bomba, akavaa ile miwani ya kusomea, akalikagua kama anayekagua sufuria jipya, akakutana na kitambaa chekundu.

"Na hiki nini?"

"Dada, hapo usi..."

"Usi nini?"

Kuna mtu mmoja tu duniani ambaye fundi hawezi kumwambia usiguse, na ndiye aliyemfundisha kutembea. Wifi alifungua mafundo mawili kwa kucha, akavua miwani, akarudisha jicho kwenye bomba, akazungusha kigurudumu polepole kama anayepunguza moto. Bega lake likashuka. "Ahaa," akasema kwa sauti ndogo isiyo yake. Akaangalia kwa muda wake, maana mgeni ni mgeni. Kisha akamshika wifi yake mkono akamvuta.

"Njoo hapa. Usiogope."

Mama Vifungo aliinama. Mwanzo hakuelewa anachokiona, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa povu. Mwezi ulikuwa umesimama mbele yake mzima, mkali, umechongwa. Mashimo yalikuwa na kingo. Kulikuwa na shimo moja lenye kilima katikati, lile lile la mjukuu, na kivuli cha kilima kimelala sakafuni, chembamba kama sindano. Sindano aliiona. Aliona hadi ncha yake.

Akalia. Hakuinua kichwa, akalia hapohapo kwenye kioo, mwezi ukayeyuka tena kwa machozi, akayafuta, ukarudi. "Si mimi," alisema, mara nyingi. "Si mimi. Si kama mama."

Ikabidi aeleze, na alieleza yote akiwa ameinama vilevile, kwa sababu ni rahisi kusema mambo ukiwa huangalii uso wa mtu. Alisema juu ya sindano za asubuhi, juu ya kiti karibu na mlango. Wifi alisikiliza hadi mwisho, akamvisha ile miwani ya kamba ya viatu, akamwambia mtoto alete sindano na uzi. Uzi ukaingia mara ya kwanza, pale pale, kwenye mwanga wa taa ya uani. Huo ni uzee tu, wifi akamwambia, karibu kwenye chama. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Hii umeipima kwa jicho lako," akasema. "Umeshona koti la mtu mmoja, ukalivalisha ukoo mzima."

Baadaye mpimaji wa macho alithibitisha maneno hayo kwa maneno yake. Macho ya mama mkwe wa fundi yalikuwa na ugonjwa mwingine kabisa, ambao Mama Vifungo hakuwa nao. Na macho ya watoto na vijana, alisema, yana lastiki, yanavutika hadi kufuata macho ya mtu mwingine, ndiyo maana mjukuu na watu wa gereji waliona. Ukipita umri fulani lastiki imelegea. Kitu kilichowekwa sawa kwa mwenye macho ya kuona karibu tu, kwako ni ukungu. Lakini hayo yalikuwa bado. Jioni ile walikuwa wangali uani, watu wanne.

Wifi alimpeleka mtoto ndani kwa kisingizio cha vyombo. Fundi aliinuka kwenye kreti. Aliuliza kama anaweza kuangalia, jambo ambalo hajawahi kuuliza juu ya kitu chake mwenyewe, na mkewe akampisha. Alivua miwani, akaitia mfukoni kama kawaida, akainama.

Alikaa hivyo muda mrefu mno kwa mtu asiyeona kitu.

"Hiki ndicho ulichokuwa unaangalia?" akauliza.

"Hicho hicho."

"Jioni zote?"

"Zote."

"Mimi nakuita, wewe unakuja unaangalia ukungu huu."

"Ulikuwa unaniita," Mama Vifungo akasema.

Mkono wa fundi ulikwenda wenyewe kwenye kigurudumu, ukakishika. Ilitosha kuzungusha kidogo tu, nchi yake yote irudi. Mkewe aliuona mkono ule. Kisha vidole vikaachia kimoja kimoja. Fundi akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akainama tena. Kioo cha miwani kikagonga bomba, jicho likabaki mbali. Akajaribu hivi, akajaribu vile, akapinda shingo.

"Unaona?" mkewe akauliza.

"Kipande," akasema. "Naona kipande cha katikati tu."

"Basi kizungushe, baba. Nimeshaona mimi."

"Acha," fundi akasema. Alikuwa bado ameinama. "Kinatosha."